Mfuko wa silaha: kanuni inayomlipa mpiganaji asiyetulia

Ukimwona mpiganaji mwenye ujuzi wa mkuki wa asilimia 85 anautupa mkuki wake chini, adui akiwa bado amesimama mbele yake, ili achomoe jambia analolijua kwa asilimia 20, usimlaumu mchezaji. Amezisoma kanuni na kuzielewa. Lawama ni ya kanuni yenyewe, ile inayoamua mhusika anavyoongeza ujuzi wa silaha, na kwa kuwa imeenea katika ukoo mzima wa michezo ya kuigiza ya mezani, ambayo kila mchezaji huendesha mhusika wake na dadu huamua matokeo, karibu kila kundi linaloicheza kwa muda hufika mahali pa kuamua: livumilie vituko hivyo, au liandike kanuni yake lenyewe. Mimi niko upande wa kuandika. Ila kanuni nyingi ambazo makundi hujiandikia zinatibu pasipouma, na baadhi zinamwongezea mgonjwa maradhi.

Mchezo wenye chimbuko la tatizo hili ni RuneQuest, uliochapishwa Marekani mwaka 1978 na kampuni ya Chaosium. Waandishi wakuu walikuwa Steve Perrin na Ray Turney. Perrin hakuyajua mapigano kwa kuyasoma tu. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Society for Creative Anachronism, chama kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka 1966, ambacho wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwelikweli kwa silaha za henzirani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuridhika na mchezo usiojali mkono umeshika nini. Na wakati huo mchezo uliotawala, Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, ulikuwa ukimpa mhusika sehemu kubwa ya pointi zake za uzoefu kwa hazina aliyorudi nayo: sarafu moja ya dhahabu, pointi moja. Ungeweza kutoka shimoni na gunia la dhahabu bila kuchomoa upanga, ukapanda ngazi, yaani kiwango cha jumla cha uwezo wa mhusika, na ngazi hiyo ikakufanya upige vizuri zaidi kwa kila silaha uliyoruhusiwa kuibeba.

RuneQuest ikafuta ngazi. Kila silaha ikapewa asilimia yake kwenye karatasi ya mhusika, na pembeni mwa kila silaha pakawekwa kisanduku. Ukipiga kwa mafanikio mahali penye hatari, yaani dadu ya asilimia (1 hadi 100) ikikupa namba isiyozidi ujuzi wako, unaweka alama ya vema kwenye kisanduku hicho. Safari, yaani kisa kimoja cha mchezo, ikiisha unarusha dadu ya asilimia kwa kila silaha yenye vema. Ukipata namba iliyozidi ujuzi ulionao, umejifunza, na katika matoleo ya mwanzo unaongeza pointi 5. Toleo la mwaka 2018 linakupa uchague kati ya kurusha dadu ya pande sita na kuchukua pointi 3 bila kubahatisha. Wazo ni lilelile miaka yote: unajifunza kwa kutumia, na kadiri unavyojua zaidi ndivyo inavyokuwa vigumu kuongeza. Sijaona wazo bora kuliko hilo katika michezo hii, na ndiyo maana nataka lirekebishwe badala ya kutupwa.

Shida inaonekana ukipiga hesabu. Mpiganaji mwenye upanga wa asilimia 80 ana nafasi 20 kati ya 100 za kujifunza kila safari inapoisha. Zidisha kwa pointi 5, wastani wake ni pointi 1. Silaha ya asilimia 30 ina nafasi 70 kati ya 100, yaani wastani wa pointi 3.5. Sasa mpe mtu huyohuyo silaha tano za asilimia 30 na umwache apige pigo moja zuri kwa kila moja. Wastani wake unakuwa pointi 17.5 kwa safari moja. Hakuna kilichopungua kwenye upanga wake, kwa sababu vema za silaha moja hazizuii vema za nyingine. Uaminifu kwa silaha moja unalipa pointi moja. Kubeba mfuko mzima wa silaha kunalipa zaidi ya kumi na saba.

Wachezaji wakongwe wa Marekani na Uingereza walilifananisha jambo hili na mfuko wa mchezaji wa gofu, aliyejaza fimbo za kila aina na kubadilisha kila anapopiga. Mezani linakuwa hivi. Trolo, zimwi wanalopigana nalo, ana majeraha matatu, mguu mmoja haumbebi. Mwenye mkuki amekwishapata vema yake katika raundi ya kwanza. Anasema, “Nauachia mkuki, nachomoa jambia.” Anarusha dadu, 61, amekosa. Raundi inayofuata anarusha tena, 44, amekosa. Mwenzake anayemkinga kwa ngao anaumia begani. Raundi ya tatu anapata 12, anashangilia, anaweka vema, kisha anauliza, “Kaka, rungu langu lilibaki kwenye punda au ninalo?” Trolo alipaswa kufa raundi mbili zilizopita. Yule wa ngao sasa hana mkono, na wachezaji wote wanajua sababu.

Mwongozaji, yule anayeendesha mchezo na kuwachezesha maadui, akiliona hilo mara ya pili anaandika kanuni. Ya kwanza inayomjia ni ya kubana: vema itolewe kwa pigo la kipekee tu, si kwa kila pigo lililofanikiwa. Inaonekana ya busara. Lakini katika RuneQuest pigo la kipekee ni lile ambalo dadu imeangukia ndani ya moja ya tano ya ujuzi wako. Mwenye asilimia 80 analipata mara 16 kati ya 100, mwenye asilimia 30 mara 6. Kanuni hiyo inampa vema aliyebobea na kumnyima anayeanza, ambaye ndiye mwenye haja ya kujifunza. Mwenye mfuko naye haachi. Anahitaji tu raundi nyingi zaidi na jambia lake, na wa ngao anaumia zaidi.

Ya pili ni ya kumwachia mwongozaji agawe vema kwa kadiri anavyoona inafaa. Kwa kundi dogo la marafiki wa muda mrefu inaweza kufanya kazi. Kwa kundi la kawaida inageuza kila mwisho wa safari kuwa kikao cha rufaa, na mchezaji mpole asiyejua kujitetea ndiye anayerudi nyumbani bila vema. Nimewaona watu wakiuchoka mchezo kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya trolo.

Ya tatu ni ya kuhesabu: andika mara ngapi umetumia silaha, ukifikisha idadi fulani unapanda. Kazi hiyo ni ya kompyuta. Hata kompyuta yenyewe haikuimaliza, maana waliocheza Morrowind, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002, wanakumbuka jinsi mtu alivyokuwa akivuka nchi nzima huku akirukaruka ili ujuzi wa kuruka upande. Ukilipa kwa idadi ya matumizi, utapata matumizi mengi. Watu si wajinga.

Zote tatu zinalenga ugumu wa kupata vema, wakati ugumu haukuwa tatizo. Matatizo ni mawili, na nadra kuyasikia yakitajwa pamoja.

La kwanza nimeshalieleza: vema hazigombanii nafasi. La pili limejificha kwenye neno “mafanikio”. Chukua pigo moja tu. Ili ujifunze lazima kwanza upige, kisha baadaye ushinde dadu ya kujifunza. Mwenye asilimia 50 anapiga mara nusu na anajifunza mara nusu, jumla ni asilimia 25. Mwenye asilimia 90 anapiga karibu kila mara lakini anajifunza mara moja kati ya kumi, jumla ni asilimia 9. Sasa mtazame mwenye asilimia 10. Angejifunza mara tisa kati ya kumi, ila anapiga mara moja tu kati ya kumi. Jumla ni asilimia 9 vilevile. Katika pigo moja, kijana aliyeshika upinde jana na bingwa wa miaka ishirini wana nafasi sawa ya kujifunza.

Mtetezi wa kanuni ya asili atasema vita havina pigo moja. Ni kweli. Kwa mapigo matano, mwenye asilimia 20 ana nafasi 67 kati ya 100 za kupata walau moja. Lakini raundi tano mbele ya adui mzima ukiwa na silaha usiyoijua ni kujiua, na kila mchezaji anajua hivyo. Kwa hiyo anasubiri adui achoke, aanguke, avuliwe silaha, ndipo amfanyie mazoezi. Kanuni iliyosema ujuzi unazaliwa penye hatari imewafundisha watu kujifunza kwa wanaokufa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mfuko wenyewe.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii. Kila mhusika ana vema moja tu ya silaha kwa safari. Haiwekwi wakati wa vita. Safari ikiisha, mchezaji anataja silaha moja aliyoitegemea mbele ya adui aliyeweza kumdhuru, iwe alipiga au alikosa, na anairushia dadu ya kujifunza kama kawaida. Ni hayo tu.

Tazama kinachobadilika. Hakuna tena sababu ya kutupa mkuki vitani, kwa kuwa vema ya pili haipo. Hakuna sababu ya kumsubiri adui aanguke, kwa kuwa kukosa kunahesabiwa na adui aliyeanguka hahesabiwi. Kijana wa upinde wa asilimia 10 akifyatua mishale mitatu na kukosa yote huku simba akimjia, ana nafasi 90 kati ya 100 za kuwa amejifunza kitu usiku ule, na nadhani hakuna aliyewahi kufukuzwa na simba atakayepinga. Hata mazungumzo ya mwisho wa safari yanakuwa mazuri. Mchezaji anasema, “Nachagua ngao, kwa sababu ya pale darajani,” na wenzake wanakumbuka darajani.

Kuna pingamizi la haki. Kwa wastani bado silaha dhaifu inalipa zaidi: vema ile moja ukiiweka kwenye upinde wa asilimia 30 inakupa pointi 3.5, ukiiweka kwenye upanga wa asilimia 80 inakupa 1. Je, wote hawatakimbilia silaha dhaifu? Baadhi watafanya hivyo, na sioni ubaya. Tofauti ni kwamba sasa chaguo lina gharama. Aliyeamua kujifunza upinde msimu huu amekubali upanga wake usimame palepale, na hilo ni jambo ambalo mtu halisi huamua maishani mwake. Zamani hakuamua chochote, alikuwa akikusanya.

Pingamizi la pili ni kasi. Kwa pointi 5 za toleo la mwanzo, kutoka asilimia 30 hadi 75 kunahitaji kwa wastani safari kama 19, hata ukipata vema kila safari. Kutoka 75 hadi 95 kunahitaji nyingine kama 26. Kundi linalokutana kila wiki mbili litazeeka njiani, hasa likitumia toleo linaloongeza kwa dadu ya pande sita, ambayo wastani wake ni 3.5. Hapa nashauri kuazima kutoka kwa ndugu yake. Call of Cthulhu, mchezo wa kampuni hiyohiyo uliotoka mwaka 1981 na wenye mfumo uleule, katika toleo lake la saba unaongeza ujuzi kwa dadu ya pande kumi. Iletwe kwenye silaha bila woga. Ukishaziba uvujaji wa mfuko unaweza kufungua bomba kuu kidogo.

La tatu lilisemwa na mchezaji mmoja kwa uchungu, na alikuwa na haki: “Sasa mwanajeshi wangu wa upanga wa asilimia 80 akiokota shoka, arudi kuwa mtoto?” Kanuni ya vema moja peke yake inazaa watu wa silaha moja wasiojua kabisa silaha jirani. Kwa hiyo inahitaji mwenzi: kanuni ya ukoo. Gawanya silaha katika koo chache, za kukata, za mpini mrefu, za kuponda, za kurusha na kufyatua. Ukishika silaha yoyote ya ukoo ambao una silaha unayoijua vizuri, ujuzi wako haushuki chini ya nusu ya ile bora. Upanga wa asilimia 80 unakupa jambia la asilimia 40 bila kulifanyia mazoezi. Kama shoka ni ndugu wa upanga au wa rungu, kundi lenu liamue na lisirudie mjadala huo kila juma.

Kanuni ya ukoo haikubuniwa kwa urahisi wa mchezo tu. Mwalimu wa upiganaji wa Italia Fiore dei Liberi, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, alianza na mieleka, akaenda kwenye jambia, kisha upanga, shoka la vita na mkuki, na mikao mingi aliibeba kutoka silaha moja hadi nyingine pamoja na majina yake. Kwake miguu, umbali na wakati wa kuingia vilikuwa elimu moja yenye vyombo vingi. Karatasi ya mhusika yenye silaha kumi zisizojuana hata kidogo inakwenda kinyume na jinsi mwili wa binadamu unavyojifunza.

Juu ya asilimia 75 naongeza sharti moja. Vema ihesabiwe ikiwa tu adui uliyepigana naye alikuwa na ujuzi sawa na wako au zaidi, au kama umekaa na mwalimu anayekuzidi. Ni rahisi kutekeleza, maana katika michezo hii kila adui ana asilimia yake imeandikwa na mwongozaji anaiona. Sharti hili linawafanya mabingwa wawe na sababu ya kutafutana. Mchezaji mwenye mkuki wa asilimia 88 anaanza kuuliza sokoni ni nani anayesifika kwa mkuki katika mji ule, na mwongozaji amepata safari tatu bila kuumiza kichwa. Ukiniambia nichague sehemu moja tu ya mapendekezo haya, nitaiacha hata kanuni ya ukoo lakini hii nitaing’ang’ania.

Wanaocheza michezo ya ngazi wana tatizo lililo kinyume. Katika Advanced Dungeons & Dragons ya miaka ya 1970 mpiganaji alianza na silaha 4 anazozijua na kuongeza moja kila ngazi tatu, mchawi alianza na 1, na aliyeshika asiyoijua alikatwa pointi, 2 kwa mpiganaji na 5 kwa mchawi. Mfuko ulizibwa, lakini kilichotokea vitani hakikuwa na neno lolote kuhusu silaha gani inaongezwa. Toleo la mwaka 2014 lilikwenda mbali zaidi: kuna bonasi moja ya ustadi, inaanza +2 na kufika +6, ileile kwa kila silaha uliyofunzwa. Ni safi na ya haraka, na kwa watu wanaokutana mara chache sana ningeiacha ilivyo. Kundi linalotaka silaha iwe na historia linaweza kuongeza jambo dogo tu: kila ukipanda ngazi, taja silaha moja iliyokuokoa tangu ngazi iliyopita, na hiyo ipate +1 ya kudumu, isiyozidi +2 kwa silaha yoyote. Zaidi ya hapo mtaanza kuvunja mizani ya mchezo ambao haukujengwa kwa kazi hiyo.

Walioliona tatizo na kulitatua kwa njia ya karibu na yangu ni Waswidi. Mchezo wao Drakar och Demoner ulianza mwaka 1982 kwa mfumo wa Chaosium, na mjukuu wake Dragonbane wa mwaka 2023 unatumia dadu ya pande ishirini. Unapata alama ya kujifunza ukirusha 1 au ukirusha 20, mafanikio makubwa kabisa au anguko kubwa kabisa. Kosa kubwa linafundisha sawa na ushindi mkubwa. Kisha mwisho wa mkutano kuna maswali kwa kila mchezaji, na kila jibu la ndiyo linampa alama ya kuweka kwenye ujuzi anaoutaka. Maswali yale nayapenda. Dadu ya 1 na 20 siipendi sana, kwani bado mtu anayerusha mara nyingi kwa silaha nyingi ana nafasi nyingi zaidi, na mfuko unarudi kwa mlango wa nyuma, japo mwembamba.

Kama vile kila kijiwe cha drafti kilivyo na kanuni zake ambazo mgeni huelezwa kabla hajakaa, kanuni hizi zisemwe kabla ya safari ya kwanza. Kwa kundi lililokwisha kuanza, msizibadilishe katikati ya safari, na msimpunguzie mtu asilimia alizokwisha kupata, hata kama alizipata kwa mfuko. Alicheza kwa kanuni zilizokuwepo. Mwacheni amalize safari aliyomo, arushe vema zake zote mara ya mwisho, ndipo visanduku vya silaha vifutwe na kubaki kimoja. Ngao ihesabiwe kuwa silaha, igombanie vema ileile. Wengi hupenda kuipa kisanduku chake pembeni, na nawaelewa, lakini yule aliyesimama mbele akiwakinga wenzake anastahili kuichagua ngao mbele ya watu kama chaguo lake la safari, na kwa kisanduku cha pembeni atapata alama yake kimyakimya kama kila mtu mwingine.